Malalamiko Juu ya Kufungwa Kamba Moja na Mama Mkwe

Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru,
Rodesia ya Kaskazini.
Juni, 1956

Kwa Kiongozi wa Wapanda Mlima,
Ruwenzori, Kongo ya Wabelgiji.

Ndugu Kiongozi,

Nakusalimu kwa heshima zote nilizo nazo, na nakuomba uzipokee sasa hivi mwanzoni, maana kadiri barua inavyoendelea sijui zitabaki ngapi. Mimi ni Rodwell Mukuka, mvuvi, na mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya kanisa letu. Ni mmoja wa wajumbe watatu waliochaguliwa kufika kwako mwezi wa nane ili uwapandishe mlimani. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu wewe hujui Kibemba, na Kiswahili changu nimekiokota ng'ambo ya ziwa nikiuza samaki. Ukiona sentensi inakubembeleza kupita kiasi, ujue hapo kwa kawaida huwa tunapatana bei.

Usituone wendawazimu, watu wa ziwa kutaka mlima. Kanisani tumesoma miaka na miaka kwamba dhambi zetu zitakuwa nyeupe kama theluji, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona theluji hiyo. Mzee Bwembya, mzee wa kanisa letu, alihubiri kwamba ni kama unga wa muhogo ulioanikwa. Wengine wakasema hapana, ni kama chumvi ya kukaushia samaki. Ubishi ukakua mpaka watu wa unga na watu wa chumvi wakawa hawakai benchi moja. Mwisho shauri likakatwa: waende wajumbe Ruwenzori, waione, waishike, warudi watushuhudie, tujue tumeahidiwa kitu gani. Waliochaguliwa ni Mzee Bwembya, mimi, na mwenyekiti wa akina mama, ambaye jina lake siruhusiwi kulitamka wala kuliandika, kwa hiyo nampa kalamu mke wangu Ennie aliandike hapa: Dorica Kafula. Huyo ndiye mama aliyemzaa Ennie, yaani mama mkwe wangu, na malalamiko yangu yote yanaanzia hapo.

Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawaonani. Si ugomvi, ni adabu. Nikimwona anakuja, natoka njiani naingia majanini mpaka apite. Sili mbele yake, simsemeshi, sikanyagi nyumbani mwake. Mambo hayo hukoma siku wakwe wanapoamua kukuingiza: wanakuita, wanakupikia kila aina ya chakula, mama mkwe anakufunulia vyungu kimoja kimoja, na tangu hapo wewe ni mtoto wao, unaweza kumchukua mke wako mkajenge mnakotaka. Sisi tunaiita ukwingisha. Mimi nimezaa na Ennie watoto wawili. Nimemlimia mama yake mihogo, nimemvulia samaki, nimemwezekea paa, na sijaingizwa. Kiwanja changu kule Kafutuma kimeota majani hata mipaka siijui tena. Ennie kila akimwuliza mama yake, jibu ni hilo hilo: "Ule mutu bado kuiva." Ninaumia, Ndugu Kiongozi, nakwambia wazi. Niliukubali ujumbe huu ili asikie kwamba mkwe wake amesimama juu ya mawingu, aone nimeiva. Sikujua kwamba katika mkutano ule ule, upande wa akina mama, naye alikuwa amenyoosha mkono.

Maagizo yako ya maandalizi yalifika na tulisomewa mbele ya kanisa zima. Naomba kuyalalamikia kwa utaratibu.

1. Umeagiza tupande mlima mdogo kila siku, na mzigo mgongoni. Nchelenge hakuna mlima mdogo. Hapa ukimwaga maji yanakaa pale pale. Vitu virefu tulivyo navyo ni vichuguu, na kichuguu kikubwa kuliko vyote kimesimama katika shamba la mama mkwe. Yeye hukipanda asubuhi na ndoo ya maji kichwani, anashuka, anakipanda tena. Mimi akiwapo siwezi kusogea, na asipokuwapo pia siwezi, kwa kuwa ukifika juu unaona mpaka ndani ya ua anakoogea. Imebidi nitumie kichuguu cha jirani, ambacho ukiinua mguu kukipanda unakuwa umekwisha kufika.

2. Umeagiza mwendo mrefu. Nikachagua barabara ya Kashikishi. Mama mkwe naye akaichagua, tena na viatu vya mgodini alivyoletewa na kaka yake kutoka Katanga. Nikivisikia viatu hivyo, miguu yangu inaingia mateteni yenyewe bila kuniuliza. Basi yeye anapita barabarani kifua mbele, na mimi napita matopeni sambamba naye, nimeinama, nimebeba mzigo wa mawe, ruba wananila. Wachuuzi wa Kashikishi wameanza kuniuliza ninawinda mnyama gani. Haya yote nimeyavumilia. Lakini nasikia njia yako huko juu ina ukuta wa jiwe upande mmoja na korongo upande wa pili. Nikikutana naye hapo, nitaingia majani gani?

3. Umeagiza tuzoee baridi. Baridi ya Kashikishi iko mahali pamoja tu, ndani ya sanduku la Mpundu, muuza samaki anayeletewa barafu kwa mashua kutoka Kasenga. Nilimwomba anikalishe humo kidogo katikati ya makobo, samaki wetu wa ziwani. Nilikuwa nimeshakaa vizuri, barafu imenifika kiunoni, nikasikia vile viatu. Mama mkwe amekuja kununua samaki. Sandukuni hakuna majani ya kuingia, kwa hiyo nikavuta kifuniko.

Sasa mama mkwe wangu hanunui samaki kama mtu mwenye haraka. Anauliza huyu kavuliwa wapi, anamfunua mashavu, anaondoka, anarudi. Na Mpundu, badala ya kumwuzia amalize, akashikilia bei. Nilikuwa nawasikia juu yangu. "Mama, hii samaki ingali mubichi, angalia macho." "Macho naona. Fungua sanduku, nione na wenzake." "Ile sanduku haifunguke, mama." Basi, akasema, kama haifunguki itafaa kukaliwa, akaketi juu yake apumzishe miguu. Akaketi akimsimulia Mpundu habari za mihogo, habari za kanisa, na habari za mkwe wake, ambaye kwa maelezo yake ni kijana mzuri lakini mwoga. Nilipotolewa, Mpundu alinilaza juani kwenye mkeka mmoja na samaki wa kukausha. Kwa hiyo baridi nimeizoea, na ninachokataa ni kuizoea mara ya pili.

3 tena, kwa kuwa jambo ni la baridi hiyo hiyo. Umeandika kwamba usiku wapandaji wote watalala kibanda kimoja na kula sufuria moja, wapate joto. Joto hilo mimi silihitaji. Naomba litundikwe blanketi katikati ya kibanda, na lisiwe lile jembamba. Ennie amenidokeza kwamba mama yake hukoroma. Hili ni neno ambalo mkwe hapaswi kulijua, na kama si kibanda chako nisingeambiwa, kwa hiyo hata dhambi hiyo naiandika kwako.

4. Kamba. Umeandika kwamba mkifika kwenye barafu wapandaji wote hufungwa kiunoni kwa kamba moja, ili mmoja akiteleza wenzake wamshike. Maneno haya yaliposomwa, kanisa zima liligeuka likanitazama, na akina mama wawili wakatoka nje kwa kicheko.

Mwanzoni tulipatana kwamba Mzee Bwembya afungwe katikati. Ni mwembamba, lakini ni pazia. Kwa bahati mbaya wiki iliyopita mzee alipanda kile kichuguu kikubwa, akafika juu, akaona ziwa lote limelala mbele yake, akajisikia kuomba. Akafumba macho, akaomba, akashuka kwa upande ambao hakuukusudia. Kifundo cha mguu kimevimba, na yeye mwenyewe anasema amepewa jibu. Hatakuja. Tumebaki wawili, na kamba yako. Mimi ni mtu wa nyavu, mafundo nayajua tangu utoto, lakini fundo la kumfunga mtu na mama mkwe wake huku wakiwa hawajafungwa pamoja sijalipata.

Na hebu tuchukue kwamba ameteleza. Adabu inanitaka nigeuze uso. Kwa hiyo mkwe mwenye heshima, aliyelelewa vizuri, atatazama pembeni wakati mama wa mke wake anashuka korongoni, na nyumbani watamsifu kwa malezi yake na kumzika mama. Nikigeuka nikamwona, nimevunja mwiko, na ukwingisha nitaisikia kwa watu wengine. Nisipogeuka, nitamwambia nini Ennie? Swali hili linaninyima usingizi kweli, na katika maagizo yako yote sikuona jibu lake.

5. Kwa sababu hizo naomba moja kati ya haya, na wewe uchague lililo jepesi kwako. Ama zitumike kamba mbili, na wewe mwenyewe ukae katikati umevaa koti pana. Ama uchonge njia ya pili. Nasikia upande wa nyuma wa mlima huo ni wa Waingereza, na mimi ni mtu wa Waingereza kwa pasi yangu, basi mama mkwe apande kwa Wabelgiji na mimi nipande kwa Waingereza, mradi tusifike kileleni siku moja. Ama uteremshe theluji yenyewe. Watu wa Kasenga hutufikishia barafu ikiwa ndani ya maranda ya mbao, wala hawajioni mabingwa. Ninyi mna mlima mzima, mnashindwa nini? Sanduku moja latosha, tutaliweka madhabahuni, kila mtu apite aguse, na nauli ya wajumbe inunue bati la kanisa.

Na ikiwa yote haya yamekushinda, basi mlima ufungwe. Ufungwe kwa heshima, pawekwe mtu wa kuwarudisha wageni, mpaka nitakapoingizwa.

Wala usije ukadhani ninaogopa kupanda. Jambo hilo halimo katika barua hii, na ndiyo maana nimelitaja mara moja tu.

Nakomea hapa nikisubiri majibu yako. Wasalimie wapagazi wote, wa mbele na wa nyuma, msalimie mpishi wa kibandani, wasalimie mkeo na watoto, na msalimie mama mkwe wako kama umekwisha kuruhusiwa kumsalimia. Mzee Bwembya anakusalimu akiwa kitandani. Mpundu anakusalimu na kuuliza huko kwenu barafu mnauza kwa kipimo gani.

Wako katika adabu,
Rodwell Mukuka

Nyongeza. Bahasha ilikuwa haijafungwa, na afadhali. Ennie, aliyeandika lile jina, aliisoma barua nilipoimaliza, akaenda moja kwa moja akamweleza mama yake yote. Leo asubuhi mjomba wake alikuja kunichukua. Nilidhani naenda kushtakiwa, nikavaa shati la kanisani. Nikaingizwa ndani, nikakalishwa mkekani, na mbele yangu vyungu vimepangwa mpaka ukutani: makobo, kuku, kisamvu cha karanga, ugali wa muhogo. Mama mkwe akavifunua kimoja kimoja mbele ya ndugu zake wote. Mimi nikatazama chini kama nilivyozoea.

Ndipo aliponisemesha, mara ya kwanza tangu nioe. Hakutumia Kibemba. Alisema kwa Kiswahili cha sokoni, kile anachotumia akitaka neno liwe la mapatano: "Mukwe, inua macho. Kule ku mulima, nikiteleza, njo weye utanikamata. Mutu mwenye anaogopa kuniona, atanikamata namna gani?"

Nikainua macho. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto, na Ennie ndiye yeye mtupu. Nimelia mbele ya wajomba, wala pilipili haikuwamo.

Kwa hiyo futa namba moja mpaka tano, pamoja na ile tatu ya pili. Blanketi usilitundike. Mlima uache wazi. Sasa sina la kunizuia kuja, na nikikuficha wewe nitamwambia nani: ninaogopa sana. Niliogopa tangu siku niliponyoosha mkono. Tuwekee kamba moja, iwe fupi, na unifunge nyuma yake, mahali ambapo akianguka ataniangukia mimi.