Uso wa Bi Fatu Kwenye Kioo

Jumatatu, 14 Julai
Hanif ameleta mashine ya kuchapisha picha za simu, mkabala kabisa na studio yangu hapa mtaani Lucky Summer. Kwake foleni, kwangu inzi! Lakini mimi Makau siishiwi mbinu. Nimejifunza picha za kizamani: unamimina dawa juu ya kioo, unakichovya kwenye maji ya fedha, unapiga kabla hakijakauka. Hanif atakoma.

Jumanne, 15 Julai
Chumba changu cha giza ni bafu la ploti, tunalotumia wapangaji wote. Nikiwa nachovya kioo, jirani Naftaly akasukuma mlango na ndoo yake ya maji moto. Mwanga ukaingia, kioo kikaharibika. Akauliza napika nini humo. Vidole vimekuwa vyeusi tititi, sabuni haisaidii.

Jumatano, 16 Julai
Bahati! Bi Fatu wa duka la leso anahamia Lamu Ijumaa, moja kwa moja. Picha hazipendi katu. Amekubali mara moja tu, kwa ajili ya binti yake Hikma anayebaki na duka. Nikamwambia Hikma sura ya mama haiwekwi kwenye simu. Inataka kioo.

Alhamisi, 17 Julai
Nilimketisha Bi Fatu barazani alasiri. Nikamsihi asitikisike mpaka niseme basi, maana jua la Julai ni la kuomba, na kioo hukawia kunasa sura. Hanif akaja na simu, eti apige moja ya akiba. Nikamfukuza. Nikadai simu itaharibu dawa. Uongo mtupu! Ulimi hauna mfupa.

Nikafungua lenzi. Papo hapo watu wakaanza kutoka msikitini. Wa kwanza akamtolea salamu, Bi Fatu akageuka kuitikia. Wa pili, akainua mkono. Wa tatu akamuulizia hali ya miguu, naye akamweleza yote! Kisha akainuka, akasema ameshapigwa, hakai tena.

Nimesafisha kioo kwa dawa ili picha itokeze. Kiti kipo, mkongojo upo, maua ya leso yanaonekana moja moja. Penye uso pana ukungu.

Jumamosi, 19 Julai
Bi Fatu aliondoka jana. Leo ndipo nimepata moyo wa kumpelekea Hikma kioo. Nilijiandaa kwa matusi. Akakiweka juu ya kitambaa cheusi ili picha ionekane, akatazama sana, machozi yakamtoka. Akasema ndiye mama huyu, hajawahi kuiacha salamu ya mtu ikaanguka. Halafu akauliza, kwa upole, kama Hanif alipata japo moja yenye uso. Nikasema hapana. Sikusema kwa nini. Niliona haya, na bado naona.

Jumapili, 20 Julai
Nimetafakari muda wote wa mahubiri, sikusikia hata neno. Kioo hakina kosa. Mimi sina kosa. Kosa ni la salamu! Dawa yake ni kutafuta watu ambao bado hawajazoea kusalimiana. Mwalimu Kezia amekubali: kesho napiga picha chekechea yake nzima, kwa kioo kimoja. Hanif nimeshamwonya asikanyage pale na simu yake.