Bolti za Trekta ya Pamba

Jumatatu, 26 Agosti

Trekta ni yangu! Naandika tena ili niisome kesho nikiamka: trekta ni yangu! Ile iliyolala nyuma ya ghala la zamani la pamba hapa Lusangi, ambayo marehemu baba aliikuta imekwisha kuzima, nami nikakua nikicheza udereva juu yake. Wajukuu wa mwenye ghala wameniachia kwa mbuzi wangu na redio. Waliondoka wakicheka. Wacheke tu. Redio yenyewe ilikuwa ikikohoa kuliko kuongea.

Hali ya mashine: nzuri. Magurudumu yapo. Usukani upo. Kiti kipo, kuku analalia mayai hapo, nimemwacha amalize kazi yake. Mpapai umeota kati ya injini na gurudumu la mbele. Kutu kidogo. Haya, kutu nyingi. Lakini chini ya kutu kuna chuma, na chuma cha zamani hakifi.

Mke wangu Pélagie ana shamba la karanga ng'ambo ya kijito, linangoja kulimwa, na mvua za Septemba hazingoji mtu. Kila mwaka akina mama wanalimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mkubwa wao ni Mama Olga, mama mkwe wangu. Nimekwenda mwenyewe kwake, kwa heshima zote, macho chini, kumwambia aliondoe jina la Pélagie kwenye zamu. Shamba lake mwaka huu litalimwa na mashine! Nafasi yake wampe mwingine. Mama Olga akauliza, "Mukwe, hiyo kitu iko na roho?" Nikamjibu roho ipo, ila imefungiwa ndani na bolti.

Pélagie aliposikia hakupiga kelele. Aliniuliza mara mbili kama kweli nimekwisha kumwambia mama yake. Nikasema ndiyo. Akakaa chini. Furaha, nadhani.

Kuanzia leo mimi ni PDG, mkurugenzi mkuu, kama wakubwa wa mashimo ya dhahabu kule Salamabila. PDG Zacharie. Inapendeza hata kuandika.

Jumanne, 27 Agosti

Kazi imeanza! Injini imeshikana, haizunguki. Ili niifikie ni lazima nitoe kifuniko chake, na kifuniko kimeshikwa na bolti pande zote, zimepikwa na kutu mpaka hujui bolti inaishia wapi na kifuniko kinaanzia wapi.

Roger amekuja na kiti chake. Roger ni fundi wa pikipiki pale njia panda, adui yangu tangu darasa la kwanza. Hakuja kusaidia. Amekuja kukaa. Ndiye peke yake hapa mwenye seti kamili ya spana, amezifunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Nilimwomba kwa ustaarabu aniazime. Akasema spana zake ni za vitu vinavyopumua, "si za maiti." Watu wakacheka. Watu wa hapa wanachekeshwa na chochote.

Basi nikatumia spana yangu. Inapwaya kidogo, nikaijazia kipande cha kopo. Nikavuta. Bolti kimya. Nikavuta kwa hasira. Spana ikateleza, ngumi ikaenda na chuma, ngozi ya vidole ikabaki hukohuko. Na kichwa cha bolti, ambacho asubuhi kilikuwa na pembe zake zote, sasa ni mviringo kama andazi. Roger alisogeza kiti karibu ili aone vizuri.

Hakuna shida. Nguvu ni ya ng'ombe, mimi nina akili. Kutu inataka mafuta. Mazutu, dizeli yenyewe, niliyopata ni ya kujaza kikombe tu, kwa hiyo nimeiongezea mawese ya jikoni. Bidoni nzima, lile dumu kubwa. Nimemwagia kila bolti, nimeziacha zinywe.

Pélagie bado hajui habari ya bidoni.

Alhamisi, 29 Agosti

Pélagie amejua habari ya bidoni. Jana sikuandika kwa sababu ya mkutano nyumbani. Msemaji alikuwa mmoja.

Mawese hayakuingia kwenye bolti hata tone. Yaliwaingia siafu, mabata, na mbwa wa katekista, ambaye alilamba injini siku nzima na kumngurumia kila aliyesogea. Mashine yote inanuka kama sufuria ya sombe, mboga ya majani ya mihogo. Bolti zimekaa vilevile, sema sasa zimenenepa.

Lakini leo nimepata wazo jingine, nalo ni la kisomi! Nguvu haitoki mkononi, inatoka kwenye urefu. Ukichomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, hata mtoto anaweza kung'oa mnazi. Na bomba refu la chuma katika Lusangi yote ni moja tu: lile la juu la goli, uwanjani. Nimeliazima. Wachezaji sijawaambia, nitawaambia wakiuliza.

Nikachomeka. Nikaning'inia kwa uzito wangu wote, miguu hewani. Kraa! Imezunguka! Nikapiga kelele ya ushindi, akina mama wakatoka mashambani, mmoja akapiga vigelegele. Nikashuka kutazama. Haikuzunguka. Imekatika. Kichwa kiko mkononi mwangu, mwili umebaki ndani. Roger alisimama, akavua kofia, akanipa mkono wa pole. "Poleni na musiba, mukubwa."

Vigelegele vilichelewa kukoma, yule mama alikuwa mbali.

Jioni Pélagie alinionyesha mawingu upande wa Kabambare. Alinyoosha kidole tu. Nikamwambia mawingu yale ni ya kupita.

Ijumaa, 30 Agosti

Mungu amenikumbuka! Amenitumia Muhindo!

Muhindo ni mchimbaji wa dhahabu wa Salamabila, mtu wa kutoka Butembo, amekwama hapa kwa sababu pikipiki yake inatengenezwa kwa Roger na haiponi. Alichoka kungoja, akaja kutazama trekta. Alichuchumaa mbele ya bolti, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Jiwe ya nguvu haishindwake na mikono. Inashindwaka na moto." Kule mashimoni, mwamba ukikataa wanauwashia moto, halafu wanaumwagia maji baridi. Unashtuka, unaachia.

Tukaleta makaa. Tukapuliza mpaka bolti ikawa nyekundu. Maji, shaa! Mvuke kila mahali! Kisha nyundo ndogo, ta-ta-ta, pembeni pembeni. Kisha spana, kidogo mbele, kidogo nyuma, bila ubishi. Bolti ikalia kama panya. Ikatoka! Nzima, na meno yake yote! Niliibusu. Nimeungua mdomo lakini sijutii.

Nikamwambia Muhindo tuzimalize zote kabla ya chakula. Akacheka. Bolti moja inakula asubuhi nzima, alisema, na ukiilazimisha inakatika. Tukivumilia tutamaliza Noeli. Noeli! Ati mvumilivu hula mbivu. Mbivu gani, na mvua iko njiani?

Nikaenda kukaa kwenye kiti cha trekta, kando ya kuku, nikafikiri. Dawa ya Muhindo ni nzuri, tatizo ni kwamba Muhindo ni mmoja. Salamabila imejaa watu wanaojua moto, wenye nyundo, wenye patasi, wenye mikono kama magogo. Nitawaletaje huku bila kuwalipa? Jibu lilinijia ghafla mpaka kuku akaruka!

Nikaenda kwa Roger. Nikamfungia mlango. Nikamwapisha kwa jina la mama yake kwamba hatamwambia mtu. Kisha nikamfunulia siri: yule mzee mwenye ghala la pamba, siku alipolikimbia ghala lake, alificha dhahabu yake ndani ya injini, ndiyo maana bolti zile zilikazwa namna ile. Roger hakutikisa hata nyusi. Akasema haamini upuuzi kama huo.

Baada ya muda mfupi alifunga karakana, akapanda pikipiki ya Muhindo, ile isiyopona, akatimua vumbi kuelekea Salamabila.

Jumapili, 1 Septemba

Siku kuu ya maisha yangu!

Kanisani mabenchi ya wanaume yalikuwa matupu. Padri alihubiri juu ya tamaa, akawahubiria akina mama peke yao. Mimi nilitabasamu tangu mwanzo wa misa mpaka baraka.

Nilipotoka nilikimbia. Watu! Pikipiki zimepangwa mpaka kwenye mihogo! Mioto pande zote, maji yanamwagwa, nyundo zinalia, kila bolti ina watu wake wanaoigombania. Zilitoka, jamani! Zile za kifuniko, za magurudumu, za usukani, hata bolti ambazo sikujua kama trekta inazo. Ile iliyokatika waliitoboa wakaing'oa kipande kwa kipande. Na katikati yao alikuwa Roger, mweusi kwa grisi, kitambaa kimefunguliwa, spana zake zote nje, zinatumikia maiti! Mbili zimevunjika. Sikumcheka. Nilimpigia makofi.

Mchana walikuwa wamemaliza. Ndani ya injini walikuta kiota cha panya. Niliogopa watakasirika, nikasimama karibu na njia ya kukimbilia. Hawakukasirika! Waliondoka taratibu, kila mtu amebeba kitu begani. Nilidhani wananisaidia kufagia.

Moyo umejaa. Kesho naunganisha.

Jumatatu, 2 Septemba

Hawakuwa wanafagia.

Muhindo amenieleza. Jiwe la dhahabu linatwangwa. Mtu wa Salamabila akiona chuma kizito haoni trekta, anaona kinu na mchi. Pistoni zimekwenda. Silinda zimekwenda. Mhimili wa magurudumu umekwenda, umefungwa kwenye pikipiki mbili kama mgonjwa. Hata mpapai wamekata. Vimebaki usukani, kiti, kuku, na bolti. Bolti zote, rundo zima, hazina kutu, zinazunguka kwa kidole kimoja. Hakuna mtu katika Maniema aliyewahi kuwa na bolti laini namna hii. Hazina cha kufunga.

Pélagie alikuja na mama yake. Alitazama pale trekta ilipokuwa, akatazama rundo, akalia. Mimi mke wangu namjua, analia msibani tu. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba Aimée, tutakula nini mwaka huu?" Nafasi yake kwenye zamu amekwisha kupewa mwingine, kama nilivyoomba mwenyewe. Siku zimegawanywa, hakuna pa kumwingiza, na shamba lile si la mtu mmoja na jembe moja. Mama Olga hakunisema. Aliweka jembe miguuni pangu, polepole, akaondoka. Mkwe akikutukana unaweza kuvumilia. Hili lilinichoma.

Nimeona aibu, naandika ukweli. Nimemwomba Pélagie msamaha. Nimemwapia: ujanja basi. Uongo basi. Shamba nitalilima mwenyewe, kwa mikono hii, mpaka mwisho.

Jumatano, 4 Septemba

Jana nililima. Mstari mmoja. Mgongo umekataa kurudi mahali pake, naandika nimelala kifudifudi. Usiku mvua ilidondoka kidogo, kama mtu anayebisha hodi.

Lakini sikilizeni ya leo!

Asubuhi watu wa Salamabila wamerudi, Roger mbele yao. Walinikuta ukingoni mwa shamba nimeegemea jembe. Wakanisalimu vizuri sana. Wakaniuliza: PDG, kama mzee yule hakuiweka kwenye injini, aliiweka wapi? Nilikuwa nimeapa kutosema uongo, na kiapo ni kiapo. Sikufungua mdomo. Niligeuza tu macho nikalitazama shamba la Pélagie, nikashusha pumzi ndefu. Kisha nikatazama kwingine haraka, kama mtu aliyejisahau.

Wamo ndani! Wote! Na sululu, na makoleo, na nguvu za watu waliokula vizuri! Wameligawana shamba kwa kamba, kila kundi kipande chake, hakuna pembe iliyosahauliwa. Bure kabisa! Roger, ambaye hajawahi kushika jembe kwa ajili ya mtu yeyote, analima kwa mke wangu huku akiimba.

Muhindo alinijia amechanganyikiwa. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu wa Salamabila akichimba kina cha karanga halafu akaacha. Nikamjibu avumilie, si yeye anayependa uvumilivu? Akashika kichwa akaenda zake.

Wivu huo. Njooni mwone udongo unavyoruka! Mwanzo nilimwona Roger mpaka kiunoni, baadaye mabega, baadaye kofia. Sasa kofia siioni, naona udongo tu ukipanda juu. Kundi la upande wa kijito limeleta miti ya kuzuia kuta zisianguke, na mwingine anaomba ngazi. Trekta gani duniani ingelima chini kiasi hiki? Karanga zitapata nafasi ya kutosha!

Nimemtuma binti yetu Aimée mbio nyumbani. Mama yake aje sasa hivi, aje na Mama Olga, na walete mbegu zote.