Gari la Plastiki Lililokwenda Kasese

Jumanne, 9 Septemba 2025

Nimeamua. Siku zangu za kuandika TUNAUZA MKAA kwenye kuta za watu hapa Bwera zimefika mwisho! Redio imetangaza kwamba shule moja ya ufundi mjini Kasese inatafuta mwalimu wa kazi za mikono. Kila mwombaji afike Jumamosi na kitu kimoja cha zamani alichokiboresha kwa mikono yake mwenyewe. Niliposikia hivyo nilisimama wima. Mke wangu Benedicte akaniambia niketi, namwaga uji.

Kitu cha zamani ninacho. Gari la mashindano, la plastiki, lile la kuunganisha vipande kwa gundi. Urefu wake kiganja kimoja. Padri mmoja Mbelgiji alimpa kaka yetu mkubwa kule kwetu Butembo, ng'ambo ya mpaka. Kaka akaunganisha nusu, akachoka, akampa wa pili. Wa pili akampa wa tatu. Mimi ni Katembo, yaani mtoto wa tano wa kiume, na vitu vyote maishani mwangu vimepita kwanza mikono minne. Lilipofika kwangu lilikuwa na magurudumu matatu, gundi imetapakaa kila mahali, na stika zake zimekuwa njano kama meno ya mvuta tumbaku.

Tulipokimbia vita, Benedicte alibeba sufuria na cherehani yake ya mkono. Mimi nilibeba boksi la gari hili. Miaka saba sasa ananikumbusha. Cherehani ndiyo inayotulisha, anatia viraka sare za shule sokoni. Boksi halijalisha mtu. Jumamosi nitamjibu.

Musitafa, fundi baiskeli wa jirani, naye anaomba kazi hiyohiyo. Amegeuza baiskeli mbovu kuwa mashine ya kupukuchua mahindi. Mungu alitupa vidole vya nini?

Jumatano, 10 Septemba

Kazi imeanza asubuhi. Kwanza, gurudumu la nne. Nimelichonga kutoka kisigino cha ndala ya Benedicte, ya kushoto. Si duara kamili. Barabara zetu nazo si tambarare kamili.

Pili, springi. Gari la mashindano lisiloruka si gari. Nilikwenda kwa katekista Danieri nikamwomba kalamu nne. Akanipa kwa moyo mweupe. Nikatoa springi za ndani, nikaweka moja kwa kila gurudumu. Sasa ukilibonyeza linaruka kama panzi! Kalamu nimezirudisha. Danieri amelalamika kwamba ncha zinarudi ndani akiandika. Nimemwambia abonyeze kwa imani.

Tatu, vioo vya madirisha. Vilikuwa vimeanguka ndani. Nikavibandika kwa gundi kali ya kichupa kidogo, ile inayonasa vidole. Ikaninasa. Nimekula chakula cha mchana kwa mkono wa kushoto. Kurudi kwenye gari, vioo vyote vyeupe kama jicho la mzee mwenye mtoto wa jicho! Mvuke wa gundi. Mtu mwingine angelia. Mimi nikachukua dawa ya meno na kitambaa laini, nikasugua mpaka mkono ukafa ganzi. Vikang'aa! Unaona mpaka usukani. Naandika kwa herufi kubwa: USHINDI.

Benedicte ameuliza dawa ya meno imekwenda wapi. Nimemwambia iko kwenye gari.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku ya rangi. Rangi yangu ya kuta ni nzito, ingefunika milango. Nikakumbuka saluni ya Ketura, hapa nyuma ya nyumba yetu. Ketura alinipa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, inayometameta. Aliniuliza kama ni ya Benedicte. Nikamwambia ni ya mashindano. Alinitazama kwa muda mrefu.

Nikapaka mara ya kwanza. Nzuri ajabu! Nikapaka mara ya pili, nikatoka kunywa maji. Nilipoingia tena, mwili wa gari ulikuwa umekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Rangi ya kucha inakula plastiki! Ketura alijua? Ananichukia?

Musitafa alipita wakati huohuo. Hakucheka kwa sauti, ila mabega yalikuwa yanacheka. Alinishauri niikwangue kwa msasa, nianze upya, muda upo. Eti yeye ana msasa mzuri, ataniletea. Nikakataa. Hila tupu! Anataka nipoteze siku nzima nikikwangua.

Nimetafakari. Mikunjo hii ni mali. Nitawaambia kwamba gari limetengenezwa lifanane na gari lililopita barabara ya Beni kule kwetu wakati wa mvua. Nani mwingine amewahi kufikiria hilo? Hakuna.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku mbaya. Lakini sijashindwa. Naandika hilo kwanza.

Kwenye simu nilisoma kwamba stika zilizogeuka njano ukiziweka kwenye kioo cha dirisha, jua linazirudisha kuwa nyeupe. Maneno ya kweli kabisa. Asubuhi nikazibandika, na kufikia saa tano zilikuwa zimeanza kupauka vizuri. Ndipo akili yangu ikafanya kazi. Kama jua linasaidia stika, mbona lisisaidie gari zima? Rangi ingekauka, mikunjo ingelainika. Nikalipandisha juu ya bati la jikoni, nikalifunika na kipande cha kioo lisiingie vumbi. Nikajilaza kidogo.

Saa nane nilipanda ngazi. Paa la gari lilikuwa limelala juu ya viti. Limelegea kabisa, kama chapati.

Nilishuka nalo. Nikakaa kwenye kizingiti. Sitaandika nilivyojisikia.

Benedicte alirudi kutoka sokoni akanikuta hapohapo. Nilingoja aseme juu ya sufuria na boksi. Akaketi kando yangu. Aliligeuza gari huku na huku, akaliweka mapajani.

"Papa Masika," akaniita kwa jina la binti yetu, "leta kisu. Mutu muzima hawezi kulia juu ya gari."

Nilimwambia silii, ni moshi. Jikoni hapakuwa na moto.

Nikakata paa lote kwa kisu cha moto. Hapo naye akachukua kitambaa cheusi cha mwavuli uliovunjika na nyaya mbili nyembamba, akashona paa jipya. La kukunja! Ukilivuta linafunika viti, ukilisukuma linajikunja nyuma kwa mikunjo mitatu sawasawa. Mishono midogo kama mayai ya chawa. Alimaliza kabla maharage hayajaiva, akaenda kuyaongezea chumvi.

Nimelitazama sana. Sasa ni gari la wazi, la kitajiri. Kwa kweli nilikuwa nafikiria kukata paa tangu Jumanne.

Jumamosi, 13 Septemba

Asubuhi Musitafa alikuwa amepata pikapu ya kubebea mashine yake. Alinikaribisha. Nikakataa, siwezi kufika Kasese nyuma ya mahindi. Nikapanda boda boda. Tulipofika Kisinga tairi likapasuka. Pikapu ikatokea, Musitafa akashuka, akaziba pancha ya watu bila kuombwa, halafu akanikaribisha tena kwa sababu tairi lile halikuwa la kutegemea. Safari hii nilikubali, nisimvunje moyo. Nikakaa juu ya gunia, boksi kifuani.

Shuleni tulikuwa waombaji tisa. Waamuzi watatu nyuma ya meza, mkubwa wao Madamu Biira, mama mnene mwenye miwani na sauti ya afande. Musitafa akaanza. Alikanyaga pedali, na beseni zima la mahindi likapukuchuka kabla sijamaliza kupiga miayo. Watu wakapiga makofi. Makofi kwa mahindi!

Zamu yangu. Nilieleza springi. Nilieleza dawa ya meno. Nilieleza barabara ya Beni, na mwamuzi mmoja akaandika kitu. Nikamwomba Madamu Biira abonyeze gari mwenyewe aone linavyoruka. Akabonyeza kwa nguvu zake zote. Gurudumu la ndala likachomoka, likapita juu ya karatasi, likatua ndani ya chai ya mwamuzi wa kushoto.

Nikasema hiyo inaonyesha nguvu ya springi.

Madamu Biira hakunisikia. Alikuwa analifungua na kulifunga paa. Akavua miwani, akalisogeza karibu na jicho.

"Mzee, hii paa nani ameshona?"

Nikasema ni mimi. Lilitoka lenyewe! Tangazo lilisema mikono yako mwenyewe, na kazi ile nilikuwa naiona iko pale, hatua moja tu kutoka kwangu. Madamu akafungua droo, akatoa sindano, uzi na kitambaa.

"Vizuri. Shona kidogo, tuone."

Nilijaribu kuingiza uzi mara saba. Mara ya nane nikaingiza sindano kwenye kidole. Nikamtazama Musitafa pembeni. Anajua. Ukuta mmoja tu unatutenganisha, na cherehani ya Benedicte anaisikia kila siku. Angesema neno moja ningekwisha. Akainama, akaanza kuokota punje za mahindi sakafuni, moja moja.

Hilo ndilo lililonimaliza. Nikaweka sindano mezani, nikasema ni mke wangu.

"Na yuko wapi?"

Nikasema yuko Bwera, sokoni, anatia viraka.

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akawageukia wenzake akasema wanatafuta mwalimu wa ushonaji tangu muhula uliopita, wote waliokuja wanashona kama watu wa kushona magunia, na huyu yuko sokoni anaweka viraka! Kisha akanigeukia.

"Mwambie aje Jumatatu. Aje na mashine yake. Weye unaweza kubaki nyumbani."

Kazi ya mikono amepewa Musitafa. Waamuzi wa siku hizi hawaoni mbali.

Jumapili, 14 Septemba

Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Jana nilirudi nyumbani na habari ile mdomoni, sikuitoa. Benedicte aliuliza matokeo, nikasema bado wanahesabu. Nilitaka nilale nikiwa bado mtu aliyekaribia. Musitafa naye hakusema kitu, ingawa alipita mlangoni mara mbili.

Leo baada ya Misa, tukiwa njiani, nikamwambia. Nikaeleza haraka. Sindano niliiruka.

Alisimama katikati ya barabara. Hakuuliza mshahara, hakuuliza Musitafa. Aliuliza kwa sauti ndogo:

"Walishika mushono yangu kwa mukono?"

Nikamwambia walivua na miwani. Akafunika uso kwa kitenge. Watu wakatupita wakidhani tumefiwa. Alipofunua uso alikuwa anacheka na machozi yanashuka, na akasema kwamba labda, kidogo tu, lile boksi nalo lilistahili kubebwa.

Miaka saba! Nikamwomba arudie. Akakataa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimembebea cherehani mpaka Kasese. Langoni nilimweleza askari kwamba mimi ndiye niliyegundua mwalimu huyu. Amesema nisogee, nimezuia mlango. Saa kumi Benedicte akatoka na ufunguo wa darasa shingoni. Alinishika mkono. Mbele ya askari!

Jumatano, 17 Septemba

Nimepata utulivu wa kupima mambo. Makosa yalikuwa ya rangi ya Ketura, jua la Bwera, kisigino cha ndala na kidole kizito cha Madamu Biira. Ufundi wenyewe haukuwa na doa.

Na sifa zimeanza kuenea! Leo mama wawili wa kwaya wameniletea saa ya ukutani ya kanisa, baada ya kusikia kwamba mimi ni mtu wa kuboresha vitu. Imesimama. Wameomba niweke betri mpya, basi, na wataipitia jioni. Betri! Huo ndio ufinyu wa mawazo unaoturudisha nyuma. Nimeifungua yote. Meno ya ndani nitayapunguza kwa kisu ili iende kwa wepesi zaidi, na mishale mitatu ni mingi mno, inachanganya waumini. Nimeshang'oa miwili.

Kuanzia Jumapili, Misa itaanza saa nitakayosema mimi.