Kuhusu Kichuguu Kilichovaa Shati Langu

Neville Prowse,
Dereva wa masafa marefu,
Mulgarra.

Kwa Ofisa wa Barabara,
Halmashauri ya Mulgarra.

Mheshimiwa Bi. Dunstan,

YAH: KICHUGUU KINACHOJIFANYA MIMI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ofisi yako imeshakauka baada ya ule upepo ulioezua paa lenu. Mimi mwili hauna neno. Heshima ndiyo iliyopata ajali.

Sina kawaida ya kulalamika. Nimeendesha lori la matela matatu kati ya bandarini na mashamba ya ng'ombe ya huku bara tangu barabara hii ikiwa vumbi tupu. Nimekula pai za nyama ambazo mbwa wa kituo huzinusa na kuondoka. Nimeonana uso kwa uso na kangaruu wasiojua upande wa kupita. Kwa miaka yote hiyo ofisi yako haijapata hata mstari mmoja kutoka kwangu. Lakini hili limenifika hapa, na ningekuonyesha ni wapi kama barua ingekuwa na shingo.

Unajua watu wa huku walivyo na desturi ya kuvisha vichuguu nguo. Ukivuka kijito cha Wirra utaviona vimejipanga uwandani, kimoja na fulana ya mpira, kingine na aproni, kingine na gauni la harusi la mtu aliyeghairi. Sina ugomvi navyo, na huwa navipigia honi kama jirani mwema. Ugomvi wangu ni na kimoja tu, kile cha upande wa kushoto ukitoka Mulgarra, kabla hujalifikia tangi la maji lililopinda. Kile ni mimi.

Aliyekivisha ni mke wangu, Glenys. Wakati wa Pasaka nilikuwa nimeahidi kuwa nyumbani. Mzigo ukachelewa bandarini, nikachelewa na mimi, jambo la kawaida katika kazi hii, na Glenys analijua kuliko mtu yeyote. Niliporudi nikakuta sahani yangu imeshaoshwa na kabati langu lina nafasi ya ajabu. Nikauliza shati langu la kazi liko wapi.

"Nimempa Neville," akasema.

Nikamkumbusha kwamba Neville ni mimi.

"Wewe ni wa kupita," akasema. "Nimempa yule anayekaa."

Naomba sasa nipange malalamiko yangu, ili ofisi yako isipate taabu.

1. Mavazi. Kichuguu hicho kimevaa shati langu la rangi ya chungwa, lenye jina langu juu ya mfuko, pamoja na kaptula yangu na kofia yangu. Wala si kofia ya kazi, ni ile ya kwendea mbio za farasi. Shati limepigwa pasi. Mimi mwenyewe nazunguka na makunyanzi mgongoni, na rundo la udongo limesimama porini limenyooshewa kola. Tena tumbo la kichuguu limeenea vizuri mno ndani ya shati, na watu wanasema tumefanana, jambo ambalo silikubali nikiwa nimesimama wima. Shingoni kimening'inizwa kibao kilichoandikwa kwa rangi nyeupe: NEVILLE PROWSE. YUPO.

2. Salamu. Huku kwetu mkipishana barabarani unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na mwenzio anainua chake. Siku nyingine hayo ndiyo mazungumzo yote utakayopata na binadamu tangu alfajiri hadi jua kuzama, kwa hiyo hatufanyi mzaha nayo. Sasa madereva wanakiinulia kidole kichuguu. Rafiki yangu Zoran Babic, ambaye tumesaidiana kubadilisha matairi kwenye joto la kupikia mayai, anakipigia honi ndefu hadi ndege wanahama. Mimi nikipishana naye yuko na pai mkononi. Nilimuuliza kwenye redio kulikoni. Akanijibu, madereva wote wakisikia, "Sasa Nev, kaka, mwenzio namwona kila siku. Wewe nani anakujua?"

3. Kazi yangu. Hili ni zito. Madereva hupeana habari za barabara kwa redio, na sasa hivi kila anayepita pale anatangaza, "Nev yupo, kofia imekaa upande." Habari zikamfikia bosi wangu, Bwana Haslam, ambaye yuko mjini na hajawahi kukiona kichuguu hicho. Akanipigia simu ya setilaiti akifoka kwamba madereva watatu wameapa nimesimama kando ya barabara tangu asubuhi, nimeweka mikono mfukoni, na mzigo wa watu unangoja. Nami wakati huo nilikuwa mbali kabisa, nikipakua mabomba ya maji shambani kwa watu. Kile kifaa cha kuonyesha lori lilipo kilitafunwa na panya zamani, kwa hiyo sikuwa na ushahidi. Nikamweleza kwamba ni kichuguu. Akasema katika miaka yake yote ya biashara hajapata kusikia uongo wa kivivu kama huo. Ilibidi Zoran ampigie amthibitishie. Bwana Haslam akaomba radhi, lakini akauliza kama kichuguu kina leseni.

4. Wastaafu. Hawa wanaokokota vibanda vyao vya kulala nyuma ya gari, wanaotembea nchi nzima kwa mwendo wa kobe mbele ya lori langu, wote husimama pale. Wanapiga picha wamekikumbatia. Wanakiachia biskuti, bia na mitandio. Mama mmoja kutoka Ballarat ametuma kadi nyumbani kwangu, imeandikwa, "Kwa Neville, msikilizaji mwema." Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyokusudia.

5. Hili nilitaka kuliacha, lakini bila hili hayo mengine hutayaelewa.

Kila Jumapili Glenys huchukua kiti chake cha kukunja na chupa ya chai, akaenda kukaa pale kivulini mwa kichuguu. Anakisimulia. Najua kwa sababu Jumapili moja nilipita. Bi. Dunstan, wewe ni mtu wa barabara na unaelewa kwamba lori la matela matatu likishakolea mwendo halisimami kwa kuitwa. Nilimwona kwa mbali, amekaa mguu juu ya mguu, anacheka na kile kitu. Nikapiga honi. Akageuka, akaniinulia kidole kimoja. Kimoja, kama anavyomwinulia mtu yeyote anayepita. Nilipofika kijitoni bado nilikuwa nasubiri kuona kama kuna kingine.

Wiki iliyofuata nikamsikia Zoran kwenye redio, "Hongera, babu."

Nikamuuliza babu wa nani.

"Wa mjukuu wako wewe. Kerryn wenu ana mimba. Glenys alikuwa anamsimulia Nev, nami nilikuwa palepale nakaza turubai. Ina maana hukuambiwa?"

Kerryn ni binti yetu, yuko Adelaide. Ndivyo nilivyojua kwamba nitakuwa babu. Kichuguu kilijua kabla yangu. Niliumia, sikufichi. Nilipofika nyumbani nikamuuliza Glenys kwa nini hakuniambia, akasema, "Nilimwambia Neville." Nikasema yule si mimi. Akasema, "Basi sema utakuwa wapi mwezi wa kumi na moja, mtoto akizaliwa. Yeye nimeshamuuliza tuende wote Adelaide, na hajanikatalia."

Mwezi wa kumi na moja ndio mwezi wa mizigo ya kabla ya mvua, na Bwana Haslam hampi mtu ruhusa hata ya kupiga chafya.

6. Nimelifuta. Lilikuwa na matusi.

7. Kwa hiyo, kwa heshima zote, naiomba halmashauri yako ifanye mojawapo ya mambo haya. Kwanza, kichuguu kibomolewe. Nimesikia kuna watu wa mazingira watakaosema mchwa wana haki zao, nami nawaheshimu mchwa, wanafanya kazi usiku na mchana na hawasafiri. Kama basi hakiwezi kubomolewa, barabara ihamishwe. Kilomita mbili upande wa mashariki zinatosha, na mimi niko tayari kubeba kokoto bure. Kama barabara nayo haihamishiki, basi halmashauri iamue kisheria ni nani kati yetu aliye Neville Prowse. Ikiwa ni mimi, kibao kiandikwe upya. Ikiwa ni kile, kihamishiwe nyumbani kwangu mara moja kianze kukata nyasi, kizibue mifereji ya paa, na Krismasi kiende kwa dada yake Glenys kusikiliza habari za nyongo yake tangu supu hadi keki. Hakiwezi kuchukua mke, salamu na biskuti, halafu mimi niachiwe dada mtu. Na mwezi wa kumi na moja kikatiwe tiketi ya Adelaide tuone kitakaa kiti gani.

Najua ombi hili ni kubwa. Lakini fikiria, Bi. Dunstan, mtu anaondoka nyumbani kutafuta mkate, na kumbe nafasi yake inaweza kuzibwa na udongo na mate ya wadudu. Leo ni mimi. Madereva wengine wa barabara hii nao wana wake, na vichuguu havijaisha.

Nisalimie watu wote wa ofisini, na yule kijana wa greda, mwambie matuta ya karibu na tangi amelainisha vizuri. Msalimie pia mbwa wenu mwenye jicho moja. Glenys angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia.

Ni mimi, mwenye jina na mwenye shati,

Neville Prowse

NYONGEZA: Bahasha ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua tena, ndiyo maana unaona gundi.

Jumapili hii nilipitia pale kupiga picha ya kuambatisha kama ushahidi. Nikaanza kupunguza mwendo mapema kabisa, nikasimamisha lori kando ya tangi na kurudi kwa miguu. Nikaona nilivue lile shati mwenyewe, niwapunguzie kazi. Halikuvulika. Mchwa wameshajenga ndani ya mkono wa kulia, wameziba hadi kwenye kifungo, na kuliondoa ni lazima uvunje bega. Nikajikuta nasita. Ni bega lililokaa vizuri.

Nikiwa nimeshika kola ya shati langu, Glenys akafika na kiti na chupa yake. Akatandika kitambaa chini, akatoa vikombe viwili. Cha pili akakifunika na kisosi, nzi wasiingie. Nikauliza ni cha nani.

"Cha Nev."

"Nev yupi?"

"Atakayekunywa."

Nikakaa chini. Nilisikiliza habari za paa, za goti lake, za Kerryn kutapika asubuhi na kutamani maembe mabichi, na nyingine ambazo kichuguu kilizisikia tangu Pasaka nami nikaombwa nisikatize. Zoran akapita. Akatuinulia vidole viwili, kimoja cha kwangu na kimoja cha mwenzangu, kisha akatangaza kwenye redio, "Nev yupo leo, na amekaa chini."

Simu ya lorini ikaanza kulia, nikaenda kuipokea. Alikuwa Bwana Haslam, akiuliza niko wapi na mzigo wake. Nikaona nimwambie ukweli. Nikamwambia nimesimama kando ya barabara, karibu na tangi lililopinda, nakunywa chai na mke wangu.

Bwana Haslam akacheka hadi akakohoa. "Safari hii sidanganyiki, Nev," akasema. "Nimesikia redioni. Hicho ni kichuguu. Endelea na safari yako, unakwenda vizuri." Akakata simu.

Nikarudi nikamsimulia Glenys. Ndipo nikaona karibu na chake amekunjua kiti cha pili, ambacho siku zote kilikuwa kwenye buti ya gari, na sikujua.

Kwa hiyo, Bi. Dunstan, ombi langu la namba saba nalifuta pamoja na lile la sita. Kichuguu kisiguswe hata kifungo, na kijana wa greda apite nacho mbali. Mwezi wa kumi na moja nakwenda Adelaide na mke wangu kumpokea mjukuu, na lazima abaki Neville mmoja barabarani.