Mchoro Wangu wa Gari la Mikate

Jumatatu, tarehe 4
Wewe uliyeliokota daftari hili, nakusihi: usimsomee mtu hata neno moja. Nina mama! Nimegonga. Gari la Mjomba, tena nililichukua bila ruhusa. Kwenye njia panda nikakata kona mbele ya gari la mikate lililokuwa likija moja kwa moja. Puu! Dereva wake akashuka, akaniuliza, we kijana, macho umeyaacha nyumbani? Akataka jina. Nikataja la Mjomba.

Jumanne, tarehe 5
Mimi ni karani wa bima. Kazi yangu: kuchora ajali na kupendekeza nani mkosaji. Leo bosi wetu, tunayemwita Mama Rula, kaniwekea faili mezani. La mikate! Kasema, haya mwanangu, hili jepesi, anayekata kona humpisha anayekuja. Karani akipatikana na uongo hapa, hafiki jioni.

Jumatano, tarehe 6
Nimepata dawa! Nimechora gari la mikate ndilo linalokata kona. Penseli za rangi, mistari imenyooka. Ili niaminike nikaongeza: taa ya njano, kibao cha kinyozi kimeinama, dereva wa gari la Mjomba anatafuna biskuti. Mama Rula akatazama, akatazama. Akauliza, biskuti imetoka wapi, mbona faili halina? Nikasema nimekisia. Jasho hadi soksi.

Alhamisi, tarehe 7
Mama Rula kaita pande zote mbili. Nikajifungia chooni. Nikamsikia Mjomba akifoka kwamba Jumatatu alikuwa anang'olewa jino, gari kaliacha nyumbani. Dereva wa mikate akasema, si mzee huyu, ni kijana mwembamba, biskuti mdomoni, alitetemeka mpaka nikamhurumia. Kisha mlango ukabishwa. Mama Rula: toka mwanangu, tumeshakuchora.

Ijumaa, tarehe 8
Sikufukuzwa! Mjomba kaniombea, shavu limevimba. Nimehamishiwa stoo ya mafaili; nimekatazwa kushika penseli. Nimetubu kabisa. Nimelitafakari kosa langu na nimeliona: biskuti. Siku nyingine nitachora barabara tupu. Shangazi naye ana gari, na Jumapili hulala mchana.

Ukinihitaji kwa mchoro, usipige simu ya ofisi, anaipokea Mama Rula. Pitia mlango wa nyuma, gonga mara mbili, sema umeleta maboksi. Nisipoitika, usiondoke. Nipo nyuma ya rafu, nasikiliza kama umekuja peke yako.