Miaka Tisa ya Mwalimu Kibwana Melini

Mwalimu Kibwana hakuwahi kuacha tabia moja: kabla ya kuvuka mlango wowote alishika mwimo kwa mkono wa kushoto, akatulia kidogo, kama mtu anayengoja wimbi lipite. Ardhi ya Ukunda haijapata kuyumba tangu iumbwe. Lakini Kibwana alikuwa mtu wa meli, na alitaka hata milango ijue!

Miaka tisa! Meli ya abiria, Mombasa hadi Bombay, Bombay hadi Mombasa. Kwa maneno yake mwenyewe, hapakuwa na gavana, sultani wala mke wa jenerali aliyevuka maji yale bila kulishwa na Kibwana.

Mwaka 1967 hoteli mpya ilikuwa ikijengwa Diani, na sisi wawili tuliajiriwa kuwafundisha vijana kumi na wawili kazi ya kuhudumia mezani. Darasa letu lilikuwa ghala tupu la korosho pale Ukunda. Mimi, msichana wa miaka ishirini na miwili, nilifundisha Kiingereza. Nilikuwa na cheti cha chuo na kitabu cha sarufi. Kibwana alikuwa na hadithi. Nikiingia mimi, vijana walipiga miayo mpaka nikayajua magego yao yote. Akiingia yeye, hata kunguru wa paani walinyamaza.

“Nilipokuwa melini,” alianza, “mke wa gavana aliniambia, Kibwana, tangu nizaliwe sijashiba hivi!”

“Alisema kwa Kiswahili, mwalimu?” aliuliza Chome, kijana mrefu wa Matuga.

“Kwa macho, Chome! Mhudumu husoma macho!”

Kisha akatoa kanuni yake kuu, kidole juu, kama kadhi anayesoma hukumu: “Sahani ya mgeni isionekane weupe! Akisema hapana mara ya kwanza, hiyo ni adabu tu. Mara ya pili, anaona haya. Wewe ongeza!”

Vijana wakaitikia kwa vichwa. Majumbani kwao ilikuwa hivyo hivyo. Ni nani Kwale nzima aliyewahi kusema “nimeshiba” nyumbani kwa watu akaaminiwa?

“Mwalimu Kibwana,” nilimwambia pembeni, “hawa Wazungu wakikataa, wamekataa.”

“Mwanangu Mwanasha,” alinijibu kwa huruma, “hayo umeyasoma. Mimi nimeyaona.”

Cheti hakina macho.

Siku ya mtihani meneja wa hoteli, Mswisi mwembamba kama ufito, alikuja kula chakula cha mchana. Akiridhika, vijana wote wangeajiriwa na Kibwana angekuwa msimamizi wa ukumbi. Asiporidhika, angeleta wahudumu kutoka Nairobi. Mama yake Chome alikuwa ameshauza mbuzi ili mwanawe apate viatu vyeusi.

Supu ilikwenda vizuri. Akaja samaki na viazi. Meneja akala, akaweka chini kisu na uma, akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza: “Asante. Nimeshiba.”

“Kidogo tu, bwana,” akasema Chome. Pwa! Viazi vitatu.

“Hapana, asante.”

Kibwana alikuwa amesimama ukutani kama amiri jeshi. Akakonyeza. Kijana mwingine, Tsuma, akaleta samaki wa pili.

Kumbe meneja naye, maskini, kwao alilelewa kutoacha chakula sahanini! Akala ili amalize. Akimaliza, weupe unaonekana. Weupe ukionekana, mwenzao Rai anakuja mbio na bakuli. Samaki wa tatu! Viazi tena! Kifungo cha koti kiliruka kikagonga glasi, ngi! Mwishowe mtu wa watu aliifunika sahani kwa viganja vyote viwili.

“Huyu ana haya sana,” Chome alinong’ona. “Tumsaidieni!”

Kastadi ikapita katikati ya vidole.

Meneja alisimama, uso umeiva kama papai. “Nani amewafundisha hivi?”

Vijana kumi na wawili waligeuka kumtazama Kibwana. Kwa fahari!

“Melini ulifanya kazi ukumbini?” meneja alimwuliza.

“Karibu na ukumbi, bwana.”

“Karibu wapi?”

“Ngazi mbili chini.”

“Ukifanya nini?”

“Nikiosha sahani.” Kisha yakamtoka yote. “Wallahi bwana, miaka tisa sikuona mgeni hata mmoja. Niliona sahani tu. Zote zilirudi na mabaki. Nikasema moyoni, watu hawa wanashibishwa kweli kweli!”

Nilingoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Chome alikuwa akivitazama viatu vyake.

“Kosa ni langu peke yangu,” Kibwana akasema. “Wapime tena vijana hawa. Binti huyu ndiye anayejua.”

Meneja, ambaye wakati huo alitaka kitanda kuliko kisasi, alitupa wiki moja.

Wiki hiyo Kibwana alikaa benchi la nyuma darasani kwangu. Vijana walinisikiliza kwa hofu. Wakati wa mapumziko, hata hivyo, walimzunguka yeye wakimwuliza habari za lile sinki la melini, joto lake, na namna ya kuosha glasi mawimbi yakipiga. Aliwasimulia. Zilikuwa hadithi nzuri kuliko zile za gavana, nami nilijikuta nimesogeza kiti.

Walipasi wote. Kibwana naye akapewa kazi hotelini: kuosha sahani.

Nilimwona mara ya mwisho miaka miwili baadaye, mwezi mmoja kabla hajafariki. Nilipita jikoni kwake hotelini kumsalimu. Alikuwa na povu mpaka viwikoni, na vijana wanne wapya walikuwa wamesimamisha kazi wakimsikiliza, midomo wazi.

“Nilipokuwa mkuu wa chuo pale Ukunda…”

Akaniona. Akafuta mikono upesi upesi.

“Shikamoo, mwalimu,” nilisema.

Alinivuta kando, akainama sikioni kwangu.

“Marahaba, mwanangu. Tafadhali usicheke. Hawa nimewaambia Kiingereza chako nilikufundisha mimi.”