Laptopu Ndani ya Friji

Jumatatu, 9 Juni

Kitufe cha sifuri kimeasi. Nabonyeza mara moja, zinatoka sifuri tatu, sita, moja, kutegemea kimeamkaje. Vitufe vingine vyote vina adabu. Na hicho nacho kina adabu asubuhi, mashine ikiwa baridi. Ikishapata joto, basi. Inataga sifuri kama kuku mayai.

Na imechagua wiki! Mkuu wa kitengo cha bima za biashara anastaafu. Meneja ametamka mbele ya ofisi nzima kwamba atakayemleta mama mwenye kiwanda cha mikate ndiye atakayerithi kiti. Tumebaki wawili, mimi na Marashi. Ijumaa kila mmoja anampelekea mama pendekezo lake.

Namwita Marashi kwa sababu harufu yake huingia ofisini, yeye akiwa bado anapanda ngazi. Alinisikia nikiitukana kibodi. Akaniuliza, kwa huruma ya kuigiza, kama sikuchukua waranti ya nyongeza siku ile niliponunua. Yeye alichukua. Bila shaka alichukua! Mtu anayebeba mwavuli kiangazi.

Mimi nauza bima. Najua hofu inavyotiwa kwenye bahasha, watu wakauziwa. Ninunue mimi? Nilimcheka.

Jumanne, 10 Juni

Nimeipeleka dukani asubuhi. Waranti ya kiwandani bado ipo hai hadi Jumapili. Fundi, mwanamume mwenye bisibisi nyuma ya sikio, alibonyeza sifuri. Ikatoka moja. Akabonyeza tena. Moja. Mashine imetulia kama mgonjwa aliyepona mlangoni kwa daktari. Msaliti!

Nikamwambia asubiri ipate joto. Akasema hana haja ya kusubiri nami, niiache, wataichungulia wiki nzima, ikikosea atabadilisha kibodi bure. Wiki nzima! Na mama wa mikate nimwandikie kwa mkaa ukutani?

Dada wa kaunta akadakia. Wenye waranti ya nyongeza huazimwa laptopu nyingine, yao ikiwa kwa fundi. Na bado naruhusiwa kununua, ilimradi ile ya kwanza haijaisha na fundi aikague aikute nzima. Nikamwambia kwa ukali kuwa hayo ni mambo ya waoga. Nikaondoka kifua mbele.

Nilikuwa sijafika kona, akili ikafunguka. Aikute nzima! Si ameikuta nzima sasa hivi?

Mpango: naipeleka ikiwa baridi, inakaguliwa, nalipia nyongeza. Natoka nje, naipasha moto. Narudi, inataga mbele yao, naondoka na laptopu ya kuazima. Huu si udanganyifu. Ni kupanga muda vizuri.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda saa ya chakula cha mchana. Jua kali. Nikaijaribu kwanza nje ya duka, ikataga mstari mzima. Nikageuza. Jamaa wa viatu barabarani akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ashughulike na viatu.

Jioni nimepata dawa. Nimeiweka kwenye friji, kati ya maziwa na kabeji.

Mke wangu alifungua akitafuta ndimu. Akasimama pale mlango wazi, baridi yote inatoka. Akaniuliza, baba, hiyo nayo ikilala nje inachacha? Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema chupa ikitoka humo hutoa jasho, sembuse hilo dude. Nikamjibu laptopu si chupa. Akasema basi niifunike, maziwa yake yasije yakanuka umeme.

Hana elimu ya mashine. Nimemsamehe.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeitoa asubuhi, nikaiviringisha taulo, moja kwa moja dukani. Fundi aliigusa, akarudisha mkono. Mbona ya baridi hivi? Nikamwambia ofisini kwetu kuna kiyoyozi cha maana. Akabonyeza sifuri. Moja. Moja. Moja. Akaniuliza, si juzi ulikuja kulalamika, kaka? Nikasema juzi vidole vyangu vilikuwa na uchovu. Akaitazama taulo. Halafu akagonga muhuri. Nikaweka saini kwamba mashine haina kasoro ninayoijua. Nikalipa.

Nikatoka. Nikakaa juani kwenye ngazi, nikafungulia video za mpira tatu kwa mpigo. Ikapata moto, nikarudi ndani, nikabonyeza. Ilitaga hadi mwisho wa mstari! Sijawahi kufurahia ubovu kiasi hicho. Nikadai laptopu ya kuazima.

Dada wa kaunta akafungua ukurasa wa pili wa mkataba, akaugeuzia kwangu. Waranti ya nyongeza inaanza kufanya kazi baada ya mwezi mmoja. Mwezi! Nikapiga kelele wizi. Wateja wakageuka. Yule dada, bila kupandisha sauti, akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamtajia. Akauliza kama bima zetu sisi huanza siku hiyohiyo.

Swali halikuwa na heshima.

Fundi akasema nisijali, ya kiwandani bado ipo, na sasa ubovu ameuona kwa macho yake. Anaifungua, anabadilisha, bure, kesho naichukua. Hapo ningekaa kimya, yote yangekwisha. Na kwa kweli nilikaa kimya! Lakini yeye akaifungua.

Akaniita nione. Matone ya maji yamejipanga chini ya kibodi, kama jasho kwenye paji la mtu anayehojiwa na polisi. Maji hayamo kwenye waranti yoyote, akasema. Si ile, si hii. Nikamwambia hayo yametoka hewani. Akachomoa kitu kwa koleo kwenye tundu la chaji, akakiinua kwenye taa. Akaniuliza, na hii kabeji nayo imetoka hewani?

Watu wa duka lile wanapenda kuchimbachimba.

Ijumaa, 13 Juni

Niliikausha kwa draya ya nywele ya mke wangu. Ikawaka. Akasema nikimaliza nimsuke na yeye. Sikucheka, nilikuwa na kazi.

Mama wa mikate alinipokea ofisini kwake, unga hadi kwenye nyusi. Marashi aliambiwa asubiri zamu yake nje. Nilianza vizuri. Magari, sawa. Wafanyakazi, sawa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kiti kilikuwa changu, nilikuwa nimeshakikalia! Akaomba jambo moja tu, fidia ya tanuri likiungua iongezwe kidogo, tubadilishe palepale, atie saini.

Nikabadilisha. Sikutazama skrini. Mteja hutazamwa machoni, hiyo ndiyo siri ya kazi hii, na Marashi haijui. Nikachapa kwenye printa yake, nikatia saini yangu kwa madaha, nikamsogezea.

Akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa aproni, akaanza kuhesabu kwa kidole. Akafika mwisho wa karatasi. Kisha akaniambia, mwanangu, kwa fidia hii tanuri nalichoma mwenyewe kabla ya saa sita. Akawaita waokaji waje kuona. Mmoja alisema na mkewe pia anakaa karibu na tanuri, naye aingizwe. Walicheka wakishikana mabega.

Nikaomba karatasi yangu. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni. Ina saini, baba, akasema.

Mlango ukafunguliwa. Nilimnusa kabla sijamwona.

Jumamosi, 14 Juni

Meneja amekwenda mwenyewe kuiomba karatasi. Mama aliirudisha baada ya kutia saini pendekezo la Marashi. Meneja amenipigia simu. Alizungumza kwa muda mrefu. Mke wangu alikuwa akiyasikia yote kutoka jikoni, na simu haikuwa kwenye spika.

Kosa ni la kibodi. Nimemweleza meneja hivyo. Akakata.

Jumatatu, 16 Juni

Marashi amekalia kiti. Tendo lake la kwanza: amenitoa kwenye mauzo, amenipeleka meza ya madai. Kazi yangu ni kunasa wateja walioficha ubovu wa mali wakati wa kukata bima. Amesema, akitabasamu, hakuna mtu ofisini anayeifahamu kazi hiyo kunizidi. Wengine wakakohoa. Wivu. Angalau safari hii amesema kweli.

Mteja wa kwanza, kinyozi. Kiti chake kimevunjika, anadai fidia. Nikaenda kukiona. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, ile ya kutisha, kama kilikuwa kizima siku ya ukaguzi. Akainamisha kichwa. Akasema, kusema kweli, mzee, kilikuwa kinayumba kidogo, nikakifunga waya.

Waya! Mtu mzima, ana kipara na heshima zake, anaficha ubovu ili akatiwe bima, halafu anatarajia sisi tumlipe! Nilimnyima palepale. Nikampa somo juu ya uaminifu hadi wateja wake wakaanza kuondoka mmoja mmoja, nusu kichwa kimenyolewa.

Na waya wenyewe ulikuwa unang'aa wazi mguuni mwa kiti, kila mtu anauona. Hovyo kabisa. Ningekuwa mimi, ningeupaka rangi ya kiti.